Kitabu kilifika Nairobi, mwandishi alikuwa ameshauawa

Waandishi waliolelewa na Biblia katika ukanda wetu wamevusha imani mipakani ndani ya hadithi. Hadithi zilizodumu ni zile ambazo mizani yake haikuchezewa.

BUJUMBURA – Mwaka 1973 shirika la East African Publishing House la Nairobi lilichapisha kitabu kiitwacho My Father's Footprints. Kilikuwa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu kilichotoka hapa Bujumbura mwaka 1968, kikiwa kimechapwa na Presses Lavigerie. Kwa Kifaransa kinaitwa Sur les traces de mon père, yaani katika nyayo za baba yangu. Mwandishi wake ni Padri Michel Kayoya.

Wasomaji wa Nairobi walipokipata kitabu hicho, mwenyewe hakuwepo tena duniani. Padri Kayoya aliuawa Gitega mwezi Mei 1972, katika mauaji yaliyoikumba Burundi mwaka ule. Hakuwa ametimiza miaka 40.

Mfanyabiashara wa mpakani anajua maana ya mzigo kufika wakati mwenye mzigo hayupo. Karani wa forodha ataufungua, ataupima, atasoma karatasi zake. Hakuna wa kusimama kando na kueleza. Mzigo utapita au utazuiliwa kwa kile kilichomo ndani. Kitabu nacho ni hivyo hivyo. Mwandishi akishaondoka, kitabu hubaki peke yake mbele ya msomaji.

Ndiyo maana inafaa kuuliza: mtu anayemwamini Kristo akiamua kusimulia badala ya kuhubiri, imani yake tunaiona wapi? Je, ni katika maneno ya mwisho, pale mwovu anapoadhibiwa na mcha Mungu anapotajirika? Au iko mahali pengine, ambapo haionekani upesi?

Swali hili si la wachungaji na mapadri peke yao. Katika njia tunazopita kila siku, kati ya Gatumba na Kavimvira, kati ya Kobero na Kabanga, kati ya Mugina na Manyovu, hadithi zinasafiri pamoja na unga, mafuta ya mawese, vitenge na dagaa. Zinasimuliwa ndani ya basi, zinasikika redioni, zinauzwa katika vitabu vidogo kwenye vibanda vilivyo karibu na makanisa. Zinatufundisha nani wa kuaminiwa na nani wa kuogopwa. Katika nchi zetu, mafundisho ya namna hiyo yameshaokoa watu na yameshaua watu.

Padri aliyefuata nyayo za baba

Michel Kayoya alizaliwa mwaka 1934. Alikuwa mtoto wa kilimani aliyepita shule za wamisionari, akaenda kusoma Ulaya, akarudi nyumbani akiwa padri na mwalimu. Kitabu chake si riwaya kwa maana ya kawaida. Ndani yake masimulizi na mashairi yanapokezana, kumbukumbu za utotoni zinafuatwa na mawazo ya kijana aliyesoma. Lakini kinakwenda kama hadithi: mtoto anatembea nyuma ya baba yake, anamwona anavyowapokea watu na anavyolinda neno lake, kisha anakua, anasafiri, anakutana na dunia ya wazungu, na inambidi aamue atabaki na nini.

Mwandishi mwingine wa Kanisa, katika miaka ile, angeweza kuandika jambo rahisi zaidi. Angeweza kusema kwamba kabla ya misheni kulikuwa na giza, na baada ya misheni kukaja mwanga. Kayoya hakufanya hivyo. Alimpenda Kristo na alimheshimu baba yake, naye hakukubali kuambiwa achague mmoja. Aliandika waziwazi uchungu wa kutawaliwa na kudharauliwa. Hakuuficha eti kwa sababu waliomtawala ndio waliokuja pamoja na Injili. Pia hakuudanganya ujana wa Burundi kwamba kila cha kale ni kizuri. Alitafuta ule utu ambao Warundi huuita ubuntu, akasema kwamba ndani yake kuna mlango wa kumfahamu Mungu.

Kitabu chake kingine, Entre deux mondes, maana yake ni kati ya dunia mbili. Jina hilo peke yake lingemtosha mtu yeyote anayeishi kwa kuvuka mpaka. Anayelala Uvira na kuuza Bujumbura anajua kwamba pande zote mbili humwona ni mtu wa upande wa pili.

Mwaka 1972 uasi ulianza upande wa kusini mwa nchi mwishoni mwa Aprili, ukaua watu. Kisha yakafuata mauaji makubwa yaliyowalenga Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, mapadri, pamoja na wafanyabiashara. Kayoya alikuwa mmoja wa waliochukuliwa. Warundi wengine wengi walikimbilia Tanzania, wakajenga maisha yao Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na watoto wao wakakua wakisoma, wakisali na kuimba kwa Kiswahili.

Leo Kanisa Katoliki nchini Burundi limemweka Kayoya katika kundi la watu ambao mchakato wa kuwatangaza wenye heri ulifunguliwa mwaka 2019. Katika kundi hilo wamo pia wanafunzi 40 wa seminari ya Buta, huko Bururi, waliouawa tarehe 30 Aprili 1997. Waliambiwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule, wakakataa. Msimamizi wa seminari hiyo, Padri Zacharie Bukuru, aliandika kitabu juu yao. Hicho si hadithi ya kubuni, ni ushuhuda. Lakini tukikiweka kando ya kitabu cha Kayoya tunaona jambo moja: imani iliyoandikwa mwaka 1968 iliulizwa swali gumu baadaye, na walikuwepo walioijibu kwa maisha yao.

Fundi masufuria na soko la ubatili

Kama tunatafuta babu wa hadithi za Kikristo katika ukanda huu, hatutampata Afrika. Ni Mwingereza John Bunyan, aliyezaliwa mwaka 1628 karibu na mji wa Bedford. Hakuwa mtu wa chuo. Kazi yake ilikuwa kuziba masufuria na vyombo vilivyotoboka, akipita kijiji hadi kijiji na zana zake mgongoni. Kwa lugha ya leo tungemwita mtu wa sekta isiyo rasmi.

Mwaka 1660 alikamatwa kwa sababu alihubiri bila ruhusa ya serikali na ya kanisa lake rasmi. Alikaa gerezani hadi mwaka 1672. Waliomfunga walikuwa tayari kumwachilia kama angeahidi kuacha kuhubiri, naye hakuahidi. Kitabu chake kilichomfanya ajulikane duniani kilitoka mwaka 1678. Wamisionari walikichukua kila walikokwenda, kikatafsiriwa katika lugha nyingi sana za Afrika. Waswahili wanakifahamu kwa jina la Safari ya Msafiri.

Hadithi yenyewe ni ya mtu mwenye mzigo mzito mgongoni, ambaye anaondoka mjini kwake kutafuta mahali pa kuutua. Njiani kuna matope, milima, watu wa kumpoteza, ngome yenye gereza na, mwishoni kabisa, mto usio na daraja. Si ajabu kwamba Waafrika walikielewa haraka. Nani katika nchi zetu hajabeba mzigo katika njia yenye matope?

Sehemu inayowahusu zaidi wafanyabiashara ni ile ya Soko la Ubatili. Soko hili halifungwi mwaka mzima. Linauza nyumba, mashamba, vyeo, sifa, hata falme. Msafiri na mwenzake wanapita katikati yake, nao hawanunui. Wauzaji wanakasirika, zogo linazuka, wageni hao wanafikishwa mahakamani. Hakimu ana chuki tangu mwanzo, mashahidi wamepangwa, na mmoja wa wasafiri anauawa.

Tuangalie kosa lilipo katika hadithi hiyo. Bunyan mwenyewe aliishi kwa kazi ya mikono na malipo ya wateja, na alizijua gulio za Uingereza. Hakusema kwamba kuuza na kununua ni dhambi. Anachokishutumu ni soko ambalo kila kitu kina bei, pamoja na haki ya mtu mbele ya hakimu. Mama anayeuza nyanya za mtaji mdogo, akalazimika kutoa kitu kidogo ili mzigo wake usiozee njiani, atalitambua soko hilo bila kueleza sana.

Na hapa tunapata jibu la kwanza la swali letu. Bunyan hakuandika kwamba anayemfuata Mungu hushinda kesi. Aliandika kwamba mwaminifu aliuawa. Angetaka kuwavuta watu kwa ahadi nyepesi, angebadilisha hukumu. Lakini alikuwa ametoka gerezani, alijua mambo yalivyo. Alipima kwa kilo kamili.

Kengele ya Freretown

Tuje pwani yetu. Mwaka 1934 shirika la Sheldon Press la London lilichapa kitabu kidogo cha Kiswahili kiitwacho Uhuru wa Watumwa. Mwandishi alikuwa James Juma Mbotela wa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Freretown ilianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society, iwe makazi ya watumwa waliokombolewa baharini. Kengele yake ilibaki mahali pake, na hadi leo watu wa Mombasa huita sehemu ile Kengeleni.

Mbotela alikuwa mtoto wa watu hao. Alisimulia jinsi wazazi wao walivyotekwa huko bara, upande wa ziwa Nyasa, walivyotembezwa hadi pwani, walivyopakiwa majahazini na jinsi manowari za Waingereza zilivyowakomboa. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya na Tanganyika vilikisoma kitabu hiki shuleni. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kusoma habari za utumwa kwa Kiswahili, zimeandikwa na mtoto wa waliotumwa.

Lakini wasomaji wa baadaye walikipima tena, wakaona sahani moja ya mizani imeinama. Katika kitabu hicho Waarabu ni watesi na Waingereza ni wakombozi. Yule mkombozi aliyeendelea kukaa, akachukua ardhi na kutoza kodi ya kichwa, haonekani. Msomaji Mwislamu wa Mombasa, au wa Buyenzi hapa Bujumbura, anaweza kukisoma na kuona kwamba watu wa dini yake wamewekwa wote katika kundi moja.

Je, tumhukumu Mbotela? Shukrani yake ilikuwa ya kweli. Kama si ukombozi ule, yeye asingezaliwa huru. Ila shukrani nayo inaweza kusukuma mizani. Hili ni jaribu la kila mwandishi wa dini, awe Mkristo au Mwislamu: kumlipa mfadhili wake kwa kufumba jicho moja.

Labda si bahati tu kwamba mtoto wake, mtangazaji Leonard Mambo Mbotela aliyefariki mwaka 2025, alijulikana Kenya nzima kwa kipindi cha redio kilichouliza: Je, huu ni ungwana? Kipindi kile kilimwachia msikilizaji mwenyewe kupima mwenendo wa watu.

Muuza vitabu aliyegeuka mwandishi

Mwaka 1954 msichana wa Kiingereza alifika Kenya, nchi ikiwa katika hali ya hatari wakati wa vita vya Mau Mau. Alitumwa na Church Missionary Society, si kuhubiri wala kutibu, bali kuuza vitabu. Jina lake lilikuwa Marjorie King. Mwaka 1960 aliolewa na tabibu Mluo, akachukua jina la Macgoye, akawa mtu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 2015. Miaka ya 1970 alisimamia duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akarudi Nairobi kusimamia duka la S. J. Moore.

Marjorie Oludhe Macgoye alikuwa mfanyabiashara wa mpakani wa aina yake. Alijua kitabu kinaagizwaje, kinakwama wapi, nani anakinunua na nani anakitazama tu kisha anakirudisha kwenye rafu. Riwaya yake Coming to Birth ilitoka mwaka 1986 na kushinda tuzo ya Sinclair.

Inaanza mwaka 1956. Paulina, binti wa miaka 16, anashuka kwenye treni Nairobi kumfuata mumewe Martin. Ana mimba, hajui mji, na muda si mrefu mimba inaharibika. Anapotoka hospitali anapotea njia katika mji uliojaa askari na vipande. Miaka inapita. Ndoa inaharibika, anajifunza kazi ya mikono, anajitegemea, anampoteza mtoto mwingine, anaendelea kuishi. Historia ya Kenya inapita nyuma yake, uhuru unakuja, viongozi wanauawa, lakini macho ya mwandishi hayamwachi mwanamke huyu wa kawaida.

Macgoye alikuwa Mkristo wa kusali hadi mwisho. Riwaya yake haina mahubiri. Watu wanakwenda kanisani kama wanavyokwenda kisimani, ni sehemu ya siku yao. Imani iko katika uamuzi wa mwandishi kwamba mwanamke asiye na cheo, asiye na mtoto, ambaye majirani wanamsema, anastahili kufuatwa hatua kwa hatua kwa miaka zaidi ya 20. Mhubiri anaweza kusema kila mtu ana thamani mbele ya Mungu kwa sentensi moja. Mwandishi inambidi alithibitishe kwa kurasa nyingi bila kumchoka mtu wake.

Waliolipima Kanisa lenyewe

Wapo waliolelewa ndani ya Kanisa wakaandika mambo yaliyowaudhi watu wa Kanisa. Euphrase Kezilahabi wa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Victoria, alisoma seminari. Mwaka 1971 alitoa riwaya ya Rosa Mistika. Jina hilo Wakatoliki wanalijua: ni moja ya sifa za Bikira Maria katika litania yake. Lakini Rosa wa riwayani ni binti anayepigwa na baba mkali, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana. Analelewa kwa woga bila kuelezwa lolote, na anapopata nafasi ya kuwa mbali na nyumbani anapotea. Mwisho wake ni msiba.

Kwa muda kitabu hicho kilizuiwa shuleni nchini Tanzania. Wakubwa walisema kinaharibu vijana. Baadaye kikaruhusiwa na kusomwa na wanafunzi wengi. Aliyekisoma hadi mwisho anajua kwamba mwandishi hakuishia kaburini. Aliwapeleka baba na binti mbele ya Mungu, wajieleze. Swali linalobaki ni lile lile la sokoni: deni hili ni la nani?

Mwingine ni Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, aliyefariki mwaka 2025. Mwaka 1970 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri nchini mwake akawaambia kwamba yeye si Mkristo. Miaka minane baadaye, akiwa kizuizini Kamiti, aliandika kwa Kikuyu riwaya yake ya shetani msalabani kwenye karatasi za chooni. Kwa Kiswahili inaitwa Shetani Msalabani. Ndani yake wezi na wanyang'anyi wanakusanyika kushindana nani kaiba zaidi. Anayeijua Safari ya Msafiri ataliona Soko la Ubatili limehamia Kenya. Mtu alitoka kanisani, lakini hadithi za kanisani zilitoka naye, akazitumia kuuliza kwa nini maskini bado wanasulubiwa.

Hatuwezi kumwita Ngũgĩ mwandishi wa Kikristo, naye asingekubali. Ila ni vizuri Wakristo wakumbuke kwamba hadithi zao zikishavuka mpaka, hazihitaji tena kibali chao.

Jirani ni nani?

Turudi Bujumbura. Baada ya mwaka 1993 mji huu ulijua mipaka isiyo na forodha. Mtaa huu wa hawa, mtaa ule wa wale. Kuvuka barabara kwenda kununua chumvi kulikuwa safari ya hatari kuliko kwenda Kobero.

Katika hali hiyo, mwaka 1997, Studio Ijambo ilianza kurusha mchezo wa redio kwa Kirundi uitwao Umubanyi Niwe Muryango, maana yake jirani ndiye jamaa. Mwandishi wake alikuwa Marie-Louise Sibazuri. Mchezo ulisimulia familia mbili, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi, zinazoishi ubavuni mwa kila mmoja. Wiki kwa wiki watu walikaa karibu na redio kusikia nani kagombana na nani, nani kasema uongo, nani kamficha mtoto wa mwenzake.

Mchezo ule haukuwa wa kanisa lolote. Mkristo na Mwislamu waliusikiliza pamoja. Lakini swali lake ni la kale, ndilo lililoulizwa katika Injili ya Luka, sura ya 10: jirani yangu ni nani? Yesu hakujibu kwa maelezo. Alijibu kwa hadithi, ya mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi barabarani. Aliyemwokoa alikuwa Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa, msafiri mwenye mnyama wa kubebea, mafuta, divai na fedha za kumlipa mwenye nyumba ya wageni. Tukiangalia vitu hivyo alivyokuwa navyo, haitakuwa vigumu kumdhania kuwa mfanyabiashara aliyekuwa safarini.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Imani ya msimulizi haionekani kwa idadi ya mara anazomtaja Mungu. Inaonekana kwa jinsi anavyompima mtu wa upande wa pili. Je, yule asiye wa dini yake, wa kabila lake au wa nchi yake, amepewa kilo kamili? Je, watu wa kwake wamepunjwa makosa yao ili waonekane wepesi? Kayoya alimpima baba yake na mzungu kwa mizani moja. Bunyan hakuongeza sukari kwenye hukumu. Macgoye hakumpunja Paulina. Mbotela alielemea upande mmoja, na msomaji wa leo anaona.

Bidhaa isiyooza

Kuna sababu hadithi za namna hii ni chache katika vibanda vyetu. Mwandishi wa Bujumbura ana lugha tatu au nne mbele yake. Akiandika Kirundi, atafika moyoni mwa watu lakini soko litaishia karibu. Akiandika Kifaransa, atasomwa na waliosoma. Kiswahili kina watu kutoka Uvira hadi Kigoma na hadi Mombasa, lakini wachapishaji wengi wako mbali. Na muuza vitabu vya dini, ambaye naye ana kodi ya kulipa, anajua kwamba Biblia, kitabu cha nyimbo na kitabu cha sala vitatoka. Riwaya itakaa rafuni ikishika vumbi.

Hata hivyo kitabu kina sifa ambazo mfanyabiashara anaweza kuziheshimu. Hakiozi kama nyanya. Hakivunjiki kama mayai. Mvua ya Kobero haitakiharibu kikifungwa vizuri kwenye nailoni. Na kinauzwa mara moja lakini hutumiwa na watu kumi. Wanaokwenda Dar es Salaam au Nairobi kuchukua mizigo wanaweza kuanza na vichache, nakala tano au kumi pembeni ya bidhaa zao, wajaribu soko kama wanavyojaribu kitambaa kipya.

Kabla ya kununua, soma kurasa chache za mwanzo na chache za mwisho, kisha uliza mambo matatu. Mtu mbaya wa hadithi hii ana sababu, au ni mbaya kwa kuzaliwa tu? Mtu mwema amewahi kukosea? Na jirani wa dini nyingine akisoma, atajiona mtu au atajiona kikaragosi? Hadithi inayoshindwa katika hayo matatu ni mzigo wa magendo, hata kama jalada lake lina msalaba.

Wachapishaji nao wana deni. Kitabu kilichoandikwa Bujumbura kilipata Kiingereza chake Nairobi ndani ya miaka mitano, katika wakati ambao hapakuwa na simu ya mkononi wala soko la pamoja la nchi nane. Vijana wa Burundi, Kongo na Tanzania wanaofanya biashara pamoja leo wanahitaji kusoma nyayo hizo katika lugha wanayopatania bei. Padri Kayoya aliwaandikia vijana. Wale aliowaandikia mwaka 1968 wamezeeka au wameshakufa, na wajukuu wao ndio walioko sokoni leo.